Mninga Ukiwa Uchi

Ukitaka kumjua mtu wa mjini katika nchi hii, usimuulize habari za watoto wake. Sifia kitanda chake. Atainuka, atakigonga kwa vidole, atatega sikio, halafu atatamka kwa sauti isiyotaka kupingwa: "Huu ni mninga, ndugu yangu. Si paini hii." Kabati nalo mninga. Mlango wa mbele mninga. Hata meza ya televisheni ambayo mguu mmoja umevimba kwa maji ya deki na sasa unamwaga unga, nayo ni mninga, "ila huo mguu fundi aliniibia." Nimekaa kwenye vikao vya harusi nikaona wajomba wazima, wenye mvi na vitambi, wakinyosheana vidole kuhusu kitanda cha bibi harusi. Hawakugombea bei wala upana. Waligombea kama ni mninga au si mninga.

Na mbao yenyewe sina ugomvi nayo. Mninga unapigika randa bila kisirani, ukishakauka hausinyai wala haupindi ovyo, mchwa hawaupendi, na rangi yake ya kahawia yenye wekundu Mungu alishaimaliza. Kero yangu ni wenye vitanda. Wewe unayeulalia kila usiku, ukikutana nao umesimama porini na mizizi yake, utaujua? Hapo ndipo utasikia watu wanakohoa. Mmoja aliniambia ni mti mrefu, "wa kahawia hivi." Mwingine, mwenye shahada mbili ukutani, alisema unafanana na mwembe. Mwembe!

Mafundi wetu nao wamechangia. Kuna vibanda vya fenicha pembezoni mwa barabara ambako mninga hautoki msituni, unatoka kwenye brashi. Asubuhi unaona ubao mweupe wa paini umeshuka kutoka kwenye lori la Mufindi. Mchana unapakwa vanishi koti la kwanza. Jioni umeshakuwa mninga wa Tabora na una bei yake. Anayeuza mninga wa kweli naye ana ujanja wake. Kiini cha gogo ndicho chenye rangi na ugumu, lakini kile cheupe cha pembeni, karibu na gome, hatakitupa. Atakichanganya humohumo, atakipaka rangi, na mchwa ndio watakaokuja kukujulisha tofauti. Ukilalamika anakujibu, "Bosi, hata huo ni mninga." Kisheria sijui ningeanzia wapi, maana ni kweli.

Basi Julai hii nilipopelekwa ukweni, kusini ya Tabora, upande wa Sikonge, nilijiwekea azma moja: nisirudi Dar es Salaam kabla ya kuuona mninga kwa macho yangu, ukiwa hai, kabla haujawa droo. Nasema nilipelekwa, kwa sababu safari za ukweni mtu haendi, anapelekwa. Tarehe mke wangu alikuwa ameshaipanga. Nilipouliza kama hatungeweza kusubiri msimu wenye majani, nikaulizwa kama mimi ni mbuzi.

Niwaonye watu wa pwani: kipupwe cha Tabora si mzaha. Mji ule uko mita 1,200 hivi kutoka usawa wa bahari, na usiku wa Julai joto hushuka hadi karibu nyuzi 15. Najua kuna Waswahili walioko Toronto wanaosoma hapa na kucheka. Wacheke. Mimi nililala na soksi. Asubuhi nikamkuta baba mkwe amekaa nje na shati la mikono mifupi, anatafuna michembe kwa karanga, akaniuliza kwa upole kama ninaumwa.

Na msitu! Nilikuwa nimeahidiwa msitu. Hawa ndugu zetu wanaopiga picha za utalii hawajawahi kukuonyesha miombo katika Julai. Mvua ilikatika tangu mwishoni mwa Aprili na haitarudi hadi Novemba. Miti mingi imeshusha majani, nyasi zimekuwa rangi ya gunia, mahali fulani kuna moshi, na upepo unakupuliza vumbi machoni bila hata salamu. Vijiti, vijiti, vijiti. Mtu wa mjini akifika hapo anasema msitu umekufa na anauliza vocha inauzwa wapi. Sitamlaumu. Mimi mwenyewe nilitazama ile mistari ya kijivu ikienda hadi macho yanapofikia, nikajiuliza nitautambuaje mti mmoja kati ya hii yote, wakati hata ile yenye majani naitambua kwa bahati.

Nikaanza na mtaalamu. Baba mkwe amezaliwa humo, amejenga humo, na paa lake limebebwa na miti ya humo. Nikamuuliza, kwa adabu zote za mkwe, mninga anautambuaje wakati huu usio na majani.

"Unaonekana tu," akasema.

"Sawa, baba, lakini unaonekanaje?"

"Mkwe wangu, ukiuona utaujua."

"Na nisipoujua?"

Akafikiri kidogo, akatafuna. "Basi ujue siyo wenyewe."

Hii ndiyo shida ya wajuzi wote wa nchi hii, tangu wapishi wa pilau hadi mafundi wa magari. Wanajua hadi wamesahau kwamba kuna kitu cha kujua. Vitabu navyo havisaidii. Wenzetu wa Ulaya wana vitabu vizima vya kutambua miti wakati wa baridi, kwa magome na vichipukizi, mtu anatembea kwenye theluji na kurasa zake hadi amepata jina. Kitabu nilichobeba mimi swali lake la kwanza lilikuwa: je, majani ni ya aina moja au yamegawanyika vijani? Nikalitazama lile pori lisilo na jani, nikakifunga. Nikatoa simu. Ile programu ya kutambua mimea ikataka picha ya jani au ua. Nikaipa picha ya shina. Ikazunguka na kuzunguka, mtandao wenyewe wa kuhesabu nukta, mwisho ikaleta jina la mti wa Ulaya. Sikonge!

Aliyeniokoa ni shemeji yangu, kaka wa mke wangu, mfuga nyuki, ingawa hakuniokoa kwa hiari. Alikuwa anakwenda kukagua mizinga na alihitaji mtu wa kubeba ndoo. Tukatembea mwendo wa kutosha nikawa nimevua sweta, nikawa nimeanza kuvichukia viatu vyangu, ndipo aliposimama akaelekeza kidevu juu, bila neno. Watu wa huko hawapotezi kidole.

Nikatazama. Mti mtupu, wa kimo cha nyumba ya ghorofa tatu hivi, bila jani hata moja. Lakini matawini kuna vitu vimening'inia. Vingi. Vya mviringo, rangi ya majani makavu, vinatikisika kwa upepo na kutoa mlio wa karatasi. Vingine vilikuwa vimeanguka chini, nikaokota kimoja. Sijui niseme nini isipokuwa hivi: ni yai la kukaanga. Pembeni kuna ukingo mwembamba uliojikunjakunja, na katikati ndipo kiini kilipo, ila kiini chenyewe kimeota ndevu ngumu za kuchoma. Kwa upana kinafika sentimita kumi au zaidi, kikikaa kiganjani kinakijaza. Ndiyo tunda la mninga. Mti mwingine humo porini uwe na kitu kikubwa namna ile, chenye bawa la mviringo na ndevu katikati, huupati kirahisi.

"Mbona hakuniambia hivi mzee?" nikamlalamikia shemeji.

"Kukwambia nini?"

"Kwamba una matunda!"

"Shemeji, si yanaonekana tu?"

Ukoo mzima uko hivyo.

Sasa hapa ndipo nilipogeuza mawazo, na wale wanaongoja msimu wa majani ili waende porini wanisikilize. Mninga huchanua mara moja, mvua zikikaribia, Septemba hadi Novemba, maua ya manjano yenye harufu nzuri, na ni wiki mbili tatu tu, umepita. Baada ya hapo unavaa majani, na wenzake wote wanavaa majani, vijani vidogovidogo vimejipanga pande mbili za kikonyo, kijani juu ya kijani, na mtu kama mimi hapo hana lake. Matunda yanakomaa kwenye miezi ya mvua lakini yamejificha humo ndani. Mpaka kipupwe kinapokuja na kuwavua wote. Majani yanaondoka, matunda yanabaki, miezi na miezi, yakisubiri upepo ule ule ninaoulalamikia mimi uje kuyabeba. Bawa si pambo. Upepo wa kiangazi ndio usafiri wake, kwa hiyo mti ungekuwa mjinga kuyaachia wakati wa masika yakalowe chini. Huu msimu ambao wageni wote wanaukimbia ndio ambao mninga husimama na kitambulisho shingoni.

Nikitaka kuwa mbishi zaidi, kuna ndugu zake wa karibu wenye matunda ya mabawa pia, kwa hiyo hutazami kitu kimoja ukaondoka. Tazama gome. La mninga mkubwa ni la kijivu cheusi, nene, limepasuka kwa urefu na kwa upana hadi limekuwa vipande vya pembe nne vilivyokaa vizuri kuliko vigae vya bafu langu. Tazama umbo. Shina linapanda limenyooka kiasi, halafu matawi yanatanuka huko juu na kuacha nafasi kubwa katikati, anga linaonekana kote. Myombo wa jirani yake ukiutazama utakuta nao una maganda, lakini ni mapana, bapa na magumu, na jua la Septemba likiwaka yanapasuka kwa kishindo, yakijipinda na kurusha mbegu. Ukipita chini yake siku hiyo unaweza kudhani umekosana na mtu.

Kuna alama nyingine ambayo kila mtu anaisimulia, nayo ni utomvu. Ukilijeruhi gome la mninga linatoka tone zito, jekundu lililokolea. Nikaomba panga. Shemeji akalihamishia mkono wa pili, ule wa mbali.

"Nataka kuhakikisha tu," nikasema.

"Mimi nikitaka kuhakikisha wewe ni shemeji, nikuchanje?"

Akanipeleka upande wa pili wa shina, palipokuwa na kovu la zamani. Utomvu ulikuwa umetiririka ukaganda, michirizi myeusi yenye wekundu ndani yake ukiielekeza kwenye jua. Watu wa nchi nyingi za kusini mwa Afrika wanautumia kwa dawa na kwa rangi. Waganga wa njiani wanauuza kwa maelezo marefu sana. Mimi niliusogelea, nikaunusa, haukunuka kitu, nikajifanya umenuka.

Nikaketi juu ya ndoo. Hapo shemeji, ambaye njia nzima hakuzungumza, akafunguka, na habari aliyonipa imeniharibia usingizi kwenye kitanda changu. Alinionyesha chini, kwenye nyasi zilizokauka, kijiti kisichozidi urefu wa kalamu, kimekufa. Mninga mchanga. Nikampa pole. Akasema hapana, haujafa. Mbegu ya mninga ikiota, kijiti chake hufa kila kiangazi. Kinakauka au kinaungua na moto wa nyasi, na mvua zikirudi kinachipua upya kutoka kwenye mzizi. Mwaka unaofuata kinakufa tena. Mambo yanakwenda hivyo miaka mingi, kumi si ajabu, na muda wote huo mti unajenga mzizi tu huko chini. Siku mzizi ukishiba ndipo kichipukizi kimoja kinapanda haraka na kuuacha moto chini. Kuanzia hapo hadi ufikie unene wa kupasuliwa mbao ni habari ya miaka themanini, mia. Ukishakuwa mkubwa lile gome nene linaustahimili moto, lakini utotoni ni matanga kila mwaka.

Kwa sababu hiyo, mtu hapandi shamba la mninga na kungoja faida. Mbegu imefungwa kwenye lile ganda lenye ndevu, kuitoa ni kujitoboa vidole, na ukiisha kuitoa na kuiotesha inakufa kila mwaka mbele ya macho yako, nani ataikopea benki? Paini ya Mufindi inapandwa kwa mistari, inahesabiwa, inavunwa, inapandwa tena. Mninga unaokatwa ni ule uliojiotea, mwingine kabla hata ya reli ya Mjerumani kufika Tabora mwaka 1912. Ukoo mzima wa mninga barani Afrika uliingizwa mwaka 2022, kwenye mkutano wa Panama, katika orodha ya kimataifa ya miti ambayo haiuzwi nje bila kibali maalumu. Sisi wa ndani tunaendelea kugongagonga vitanda. Fundi aliyenitengenezea kabati alichukua mti wa miaka mia, akaufunga kwa misumari myembamba na gundi ya kupimiwa kwenye kikopo, na mlango wake mmoja ulidondoka kabla ya Krismasi. Huo ndio uhalifu. Mti unaovumilia moto miaka kumi ukiwa urefu wa kalamu, halafu unashindwa na bawaba ya bei rahisi!

Sisemi watu wasilale kwenye mninga. Mkulima wa tumbaku anachoma miti ya humo humo kwenye mabani ili majani yake yakauke, mwingine anachoma mkaa, na hao hawabagui huu mninga huu nini. Mbao angalau inakaa. Nasema mtu alipe kwanza. Adhabu yangu ingekuwa ndogo: kabla ya kuuziwa kitanda cha mninga, mteja apelekwe miombo katika Julai, asubuhi, kwenye baridi, aambiwe aonyeshe mmoja. Kwa kidevu, siyo kwa kidole. Akielekeza kwenye mwembe, apewe paini.

Shemeji aliniambia nirudi Septemba au Oktoba, kabla ya mvua, miombo ikichipua majani mapya mekundu na mninga ukichanua. Anasema nyuki siku hizo hawasikii la mtu. Nilimwambia nitafikiria. Nauli ya familia nzima hadi Tabora anaijua yeye? Isitoshe nimeshaanza kuupenda huu mtupu. Tulipokuwa tunarudi, na ndoo sasa imejaa masega na bila shaka iko kichwani kwangu, nikajikuta nautambua mninga mmoja kutoka mbali, kisha mwingine nyuma ya kichuguu, kwa ule mviringo wa matunda dhidi ya anga. Nikamwonyesha. "Eeh," akasema. Kwa mtu wa ukoo ule hiyo ni hotuba. Nyumbani nikamweleza baba mkwe yote, bawa, ndevu, vipande vya gome, mbegu inayosubiri upepo. Akanisikiliza hadi mwisho, akatikisa kichwa kwa huruma, akamwambia mke wangu, "Mumeo ametembea sana leo, mpe maji."

Nilirudi na tunda moja, nimelifunga kwenye leso ili zile ndevu zisinichome. Kwenye kizuizi kimoja cha barabarani basi likasimamishwa, akapanda mkaguzi wa mazao ya misitu, kijana mwenye tochi mchana kweupe. Anatafuta mbao, mkaa, asali isiyo na karatasi. Asali ya ukweni nilikuwa na karatasi yake. Akaigusa leso.

"Hii nini?"

"Mninga."

Basi zima likageuka. Akaifungua, akaligeuza tunda juu chini, akalimulika. "Mzee, mninga mimi naujua," akasema. "Mninga ni mbao."

Nikaanza kumweleza. Mama wa kiti cha nyuma akasema hiyo ni dawa ya tumbo, kwao wanachemsha. Kondakta akasema ni kitu cha baharini, kaka yake anafanya kazi Mafia, anaviona. Abiria mmoja mwenye koti akasema kwa ukali kwamba mambo ya kishirikina yasiruhusiwe kwenye usafiri wa umma. Mkaguzi akalirudisha kwenye leso akitumia ncha za vidole, akaniambia nilifunge vizuri, akashuka haraka kuliko alivyopanda.

Tulipoondoka, jirani yangu wa kiti, ambaye tangu Tabora alikuwa amelala, akanisogelea hadi begani.

"Inatibu nini?"

"Haitibu kitu."

Akanitazama kwa muda, akaitazama leso, akaangalia kama kondakta anasikia.

"Sawa," akanong'ona. "Unauza shilingi ngapi?"